Watundu, Nyimbo na Meli Iliyozama Chini ya Ngome

Maji yakijaa siku za bamvua, ukuta wa bahari wa Mji wa Kale, Mombasa, huwa mali ya watoto. Shati huvuliwa, likakunjwa na kuwekwa juu ya jiwe, kandambili zikalikalia upepo usije ukalichukua. Kisha mwenye shati hurudi nyuma hatua tatu nne, akakimbia, akachupa. Kuna anayechupa wima, miguu mbele. Kuna anayejipindua hewani ili asifiwe. Na hakosi yule mdogo wao asimamaye ukingoni muda mrefu akidai kwamba anangojea wimbi zuri. Mtu mzima akitokea huamkiwa kwa adabu zote, "Shikamoo ami," na macho ya kondoo juu yake. Akishapinda kona ya Ndia Kuu, kazi inaendelea. Mama zao wamewakataza. Maalimu wa chuoni amewakataza. Wanaokataza nao walichupa hapo hapo, na watoto wanalijua hilo.

Si mbali na hapo, mbele ya ngome ya Fort Jesus, imelala meli ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mpaka leo hakuna aliyeyaunganisha mambo haya mawili, watundu wa juu na meli ya chini, akayatilia muziki na kuyafanya filamu ya katuni. Wenzetu wamefanya makubwa kwa vitu vichache zaidi. Mark Twain alikulia Hannibal, mji mdogo wa Missouri kando ya mto Mississippi, na mwaka 1876 akatoa kitabu cha Tom Sawyer kuhusu wavulana wasiosikia la mkubwa, ambao mwishowe wanapata sanduku la dhahabu pangoni, zaidi ya dola 12,000. Kitabu hicho kimechezwa na kuchezwa tena. Mwaka 2000 kampuni ya MGM ilikitoa kama katuni ya nyimbo iliyopelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video: Tom ni paka, rafiki yake Huck ni mbweha, na miongoni mwa waliotia sauti ni Waylon Jennings, mwimbaji mkongwe wa muziki wa country. Sio filamu ya kumnyima mtu usingizi. Lakini waliielewa kanuni moja ya kazi yao, kwamba hadithi ya mto Mississippi iimbwe kwa muziki wa watu wa kule.

Hadithi ya kusaka hazina si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, watoto wa shule za Afrika Mashariki walikuwa wakiisoma Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotafsiriwa na Frederick Johnson. Vizazi vizima vimejua maharamia, ramani na kasuku kabla ya kujua kwamba ngome wanayopelekwa kutembezwa na shule ina maharamia wake wa kweli na meli yake ya kweli.

Tuanze na meli. Jina lake Santo António de Tanná. Iliundwa India, Bassein, kaskazini ya Bombay, ikaingia majini mwaka 1681, na ilikuwa na nafasi ya mizinga 42. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, na kuzingirwa huko kukadumu miezi 33. Wareno wa Goa wakatuma meli za kuwaokoa wenzao waliokuwa ndani. Zikafika siku ya Krismasi mwaka huo, Santo António ikiwa miongoni mwao, zikashusha watu na vyakula, zikaondoka. Tauni ikaingia ngomeni. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno ndani ya ngome walikuwa wamekufa, na aliyeishikilia alikuwa Bwana Daud, mwana wa watawala wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika waliokuwa mle ndani, wengi wao wanawake. Hao ndio waliosimama juu ya kuta. Vitabu vyetu vya shule huipitia habari hiyo kwa nusu sentensi, ikipitiwa kabisa.

Mwezi Septemba meli zikarudi. Tarehe 20 Oktoba, chini ya mizinga ya Waomani, kamba za nanga za Santo António zikakatika. Meli ikachukuliwa na maji, ikagonga mwamba, ikapoteza usukani, na hatimaye ikazama pale pale mbele ya ngome iliyokuja kuiokoa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1698, Waomani waliingia ngomeni na kuwakuta walinzi wachache wa kuhesabika.

Baada ya hapo bahari ikanyamaza kwa zaidi ya miaka 260. Watoto wakachupa juu yake, madau yakapita, ngome ikawa gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wawili wakaazi wa hapa, Conway Plough na Peter Philips, ndio walioyaona mabaki. Habari zikafika kwa watu wa makumbusho, na kutoka 1977 hadi 1980 wataalamu wa akiolojia ya majini wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakaichimbua msimu baada ya msimu. Walishuka, wakafyonza mchanga kwa mabomba, wakapima kila ubao, wakachora, wakapandisha vitu maelfu kwa maelfu. Gimba la meli lenyewe hawakulitoa. Walilichora hadi msumari wa mwisho, wakalifukia tena kwa mchanga, kwa sababu mbao zilizolowa chumvi karne tatu zikitolewa juani bila matibabu ya miaka mingi huwa zinapasuka na kusagika.

Kwa hiyo bado iko pale, na mtoto anayechupa leo hajui kwamba chini ya mchanga ule kuna mbao zilizoundwa India kabla babu ya babu ya babu yake hajazaliwa.

Na hazina ilikuwa nini? Hapa ndipo mtayarishaji wa filamu atakapokunja uso. Ukiingia kwenye jumba la makumbusho ndani ya Fort Jesus hutakuta sanduku la dhahabu lililomwagika vito. Utakuta vyombo vya kauri vya Kichina, mitungi, magogo ya mpingo, vitu vya mbao, risasi za mizinga, vyombo vya mabaharia. Hivi ndivyo vitu ambavyo watu waliokuwa wakienda vitani walikula navyo, walipikia, walinywea maji. Kwangu mimi hiyo ni hazina nzuri kuliko dola 12,000 za Tom Sawyer, kwa sababu dhahabu haina la kusimulia, ilhali bakuli lina mdomo wa mtu. Hebu fikiria vijana watatu wamekesha wakiota dhahabu, wanapanda juu na mfuko, wanaufungua kwenye kibaraza, na ndani mna sahani. Kicheko cha kwanza hicho. Kisha mmoja wao anaigeuza sahani upande wa pili, anaona maua ya buluu yaliyochorwa kwa mkono China, na anakumbuka kwamba sahani kama hiyo iliwahi kuwekwa kwenye zidaka za ukutani kwa nyanya yake. Filamu inaanza hapo.

Wenye kuchora katuni wana bahati nyingine ngomeni, na hii huwa inapitwa na watalii wengi wanaokimbilia kupiga picha mizinga. Kwenye makumbusho kumehifadhiwa vipande vikubwa vya lipu vilivyobanduliwa kutoka buruji la San Mateus. Askari au mabaharia wa Kireno, katika karne ya 17, walivichora kwa makaa na udongo mwekundu. Visogelee uvitazame polepole. Kuna meli zenye tanga na kamba zote, zimechorwa na mtu aliyezijua kwa kuzipanda. Kuna samaki. Kuna watu waliovaa dirii. Na katikati ya vita vyote hivyo kuna kinyonga. Mtu amekaa zamu kwenye jua la Mombasa, hajui kama atarudi kwao, akamwona kinyonga akitembea kwa hatua zake za kusitasita, akachukua kaa akamchora ukutani pa serikali. Huo ni utundu. Miaka 400 baadaye kuna mtoto anayekatazwa kuandika jina lake kwenye ukuta uleule.

Ningekuwa mimi mwenye filamu, michoro hiyo ndiyo ingeamka na kuzungumza. Kinyonga angekuwa na wimbo wake.

Halafu yuko Yusuf bin Hasan. Wasomaji wa historia wanamjua kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, jina alilobatizwa. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na nahodha wa Kireno wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko Rabai mwaka 1614 kwa uchochezi wa Wareno. Mtoto alikuwa na miaka kama saba. Wareno wakampakia melini hadi Goa, wakamlea kwa mapadri wa Kiagostino, wakamfundisha, wakambatiza, wakamwoza, na mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao mtiifu. Akaonekana akizuru kaburi la baba yake na kuliombea dua kwa njia ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, akaiteka Fort Jesus. Wareno walipokuja na meli kuikomboa, aliwashinda. Kisha mwaka 1632 akaibomoa kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyoiteka na kwenda zake baharini kuwa haramia, mpaka alipouawa kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Stevenson alikaa mezani akamtunga haramia wake. Sisi wetu alizaliwa hapa, akanyang'anywa utoto hapa, na jina lake halimo katika mchezo wowote wa watoto wa Mombasa. Sisemi ageuzwe kibonzo cha kuchekesha. Siku aliyoiteka ngome watu wengi waliuawa, wakiwemo wasiobeba silaha, na hadithi yake ina damu isiyosafishika kwa wimbo. Lakini mtoto wa miaka saba anayetazama Mombasa ikififia nyuma ya meli ni mhusika ambaye mtoto mwenzake wa leo angemwelewa bila kufafanuliwa.

Hapa nina malalamiko. Afrika Mashariki inatengeneza katuni, tena nzuri. Nairobi, kwenye studio za Homeboyz, ndiko vilikotengenezwa vipindi vya Tinga Tinga Tales vilivyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, kwa mtindo wa wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam na muziki wa Eric Wainaina. Dar es Salaam yenyewe ina Ubongo, ambao tangu 2014 wamewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Mwaka 2023 mkusanyo wa filamu fupi za katuni za Kiafrika uliopewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, ulitoka ukiwa na kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii na ya Mganda Raymond Malinga. Ufundi upo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuwa mtundu. Karibu kila kitu tunachomtengenezea mtoto kina somo ndani yake: nawa mikono, hesabu hadi kumi, heshimu wazee, panda mti. Mambo mema yote, na Ubongo wanayafanya kwa ustadi. Lakini mtoto huyohuyo, televisheni ikizimwa, huenda kuiba embe.

Wazee wetu hawakuwa na woga huo. Waliketi barazani wakawasimulia watoto hekaya za Abunuwasi, mtu anayedanganya, anayedai sufuria imezaa na kisha imekufa, anayemfanyia mfalme stihizai, na hakuna aliyeharakisha kutoa onyo mwishoni. Mchoraji Gado alipoanza kumchora Abunuwasi katika kitabu cha katuni mwaka 1996, kilipendwa kwa sababu hakumtia adabu. Mji wa Kale unawadai wachoraji wake Abunuwasi wa miaka kumi, mwenye kaptura iliyolowa.

Tuje kwenye muziki, maana bila muziki mzuri filamu ya aina hii hufa dakika ya kumi. Kuna wanaodhani kwamba filamu ambamo watu huacha kuzungumza na kuanza kuimba ni jambo la kigeni kwetu. Mombasa ndio mji wa mwisho wa kuambiwa hivyo. Enzi za majumba ya sinema, watu walijazana Regal na Naaz kuangalia filamu za Kihindi, saa tatu nzima za mapenzi, kilio na nyimbo, wakatoka wakiimba midundo yake njiani. Wiki chache hazikupita, mdundo uleule ulikuwa harusini, na maneno ya Kiswahili juu yake. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga sehemu kubwa ya sifa zake kwa kuzioanisha sauti za Kihindi na mashairi mazito ya binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir. Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Malika, Matano Juma, kila mmoja alikuwa na njia yake. Zein l'Abdin alitoka Lamu na udi wake, akakaa Mombasa, na kwa wengi mji huu haukusikika kikamilifu bila nyuzi zake hadi alipofariki mwaka 2016.

Na kuna tashkota. Hiki ni chombo cha nyuzi chenye vibonyezo, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikafika pwani hii kwa njia za biashara, kikatiwa kipaza sauti, kikawa cha kwetu. Mlio wake ni wa kuchokoza, una kidomo. Mtunzi wa muziki wa filamu akinisikiliza, wavulana wa filamu wakianza kunyata gizani kushuka ufukweni kwa Ngazi za Leven, tashkota ndiyo iwafuate, na udi ubakie kwa ajili ya meli. Ngoma za chakacha za wanawake ziingie palipo na harusi, kwa sababu filamu ya Mji wa Kale isiyo na harusi itakuwa imesahau nusu ya mji. Mwanzele wa Wamijikenda uje na rafiki mmoja anayetoka ng'ambo ya pili, Kisauni. Kisha mmoja wao awe mpenzi wa rap, maana vijana wa leo wa Kibokoni na Kuze hawaishi kwenye makumbusho. Simu zao zimejaa nyimbo za Susumila.

Onyo dogo kwa mtunzi: taarab haina haraka. Ubeti mmoja unaweza kungoja dakika mbili za vinanda, na ndio utamu wake ukumbini. Kwenye filamu ya watoto utamu huo lazima ukatwe, na mpenzi wa taarab atakayekabidhiwa mkasi huo namhurumia.

Kitu kingine ambacho watu wa nje hawakioni: katika filamu ya katuni ya nyimbo, sauti hutangulia. Waimbaji hurekodiwa kwanza, kisha wachoraji hukaa na sauti hiyo na kuufuatisha mdomo silabi kwa silabi. Kiswahili hapa kinawarahisishia kazi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu, zenye sura tano za mdomo zisizochanganyikana. Ongeza mdomo uliofungwa wa m, b na p, na mdomo wa f na v, umekwisha pata sehemu kubwa ya unachohitaji. Kazi yenyewe lakini bado ni ya punda. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Wengi wa wachorao kwa mkono huushikilia kila mchoro kwa picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tatu ni michoro 2,160 kwa mhusika mmoja anayetembea tembea, na filamu ya dakika 90 ni karibu michoro 65,000, kabla hujachora hata mlango mmoja nyuma yake.

Na milango ya Mji wa Kale si ya kupigwa rangi moja na kuachwa. Ina nakshi, ina misumari ya shaba, mingine imechakaa kwa chini kwa miaka ya kurushiwa maji ya kufagia. Barabara ni nyembamba kiasi kwamba jua hufika chini katikati ya mchana tu. Asubuhi upande mmoja una kivuli cha samawati na roshani za mbao zinadondosha michirizi ya mwanga ukutani. Mchoraji asiyepita hapo saa nne asubuhi atapaka kila kitu rangi ya mchanga wa jangwani, kama walivyozoea kutupaka. Apite, anunue viazi karai kwa mwenye karai, atiliwe ukwaju, alambe vidole, ndipo ashike penseli. Fort Jesus nayo ina maajabu yake kwa kamera ya angani: Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyeichora ikajengwa kati ya 1593 na 1596, aliipa umbo ambalo ukilitazama kutoka juu unaona mtu amelala, kichwa, mikono na miguu. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mtoto akiambiwa ngome ni mtu aliyelala, swali lake la kwanza ni moja tu: ataamka lini?

Kisa chenyewe basi. Tuseme wako watatu. Mmoja ni mtoto wa mvuvi wa Kibajuni, anajua kusoma maji kuliko vitabu. Wa pili baba yake ni Mbohora mwenye duka la vyuma, anajua bei ya kila kitu. Wa tatu huvuka daraja la Nyali kila siku kuja shule, na wenziwe humtania kuwa yeye ni wa bara ilhali babu zake Wamijikenda walikuwa wakishuka Mombasa kufanya biashara tangu zama za Wareno. Utani wa namna hii ni wa kale kisiwani; makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, walitupiana maneno zamani kabla ya watoto hawa. Siku moja baada ya bamvua kubwa, yule wa Kibajuni anapanda kutoka majini na kitu mkononi.

Wanakificha wapi? Pale Ngazi za Leven. Mahali hapa pana jina la meli ya Kiingereza, HMS Leven, ya Kapteni Owen, aliyefika mwaka 1824 na kuitwaa Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa muda mfupi tu, hadi 1826. Luteni James Emery aliyesimamia mji ndiye aliyechonga ngazi za kushukia ufukweni, na kuna njia ya chini kwa chini inayokwenda kwenye kisima cha maji baridi. Giza, mwangwi, tone la maji. Wimbo wa kula kiapo ukiimbwa mle ndani hauhitaji mashine za studio za kuongeza mwangwi.

Kisha wanagombana, na ugomvi huu ndio moyo wa filamu. Tom Sawyer na mwenziwe walipopata dhahabu waligawana, na ikawekezwa, kila mmoja akapata dola moja kwa siku. Huku kwetu haiwezekani, maana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale akatoe taarifa Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo mtoto wa duka anataka kuuza: anajua mtalii gani hukaa hoteli gani na atatoa kiasi gani. Mtoto wa mvuvi anataka kukirudisha majini kwa kuwa kina wenyewe, na waliokufa hawaibiwi. Yule wa Kisauni ndiye anayetaka kwenda ngomeni kusema, na ndiye mwenye cha kupoteza, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba walikuwa baharini wakati wa vipindi vya hesabu. Kila mmoja ana hoja. Kila mmoja apewe ubeti wake, kwa mahadhi yake, na asiwepo mtu mzima wa kuja kuamua.

Plough na Philips walikabiliwa na jambo la namna hiyo katika miaka ya 1960. Bahari haikuwa na shahidi. Wangeweza kuvua bakuli moja moja mpaka wamalize, kama ilivyofanyika kwa meli nyingi zilizozama kwenye bahari za dunia, ambazo mizigo yake iliishia minadani na leo hakuna ajuaye nani alikula kwa sahani ipi. Nawaza mara kwa mara juu ya siku ya kwanza walipotoka majini, kabla ya kumwambia mtu.

Kuhusu Kiswahili cha filamu sina mjadala: waongee Kimvita. Wakisema kama watangazaji wa taarifa ya habari, mtoto wa Mlango wa Papa atazima televisheni na kwenda zake.

Wimbo wa mwisho nisingewapa wavulana. Ningempa mama wa yule aliye mdogo kati yao, mama ambaye tangu dakika ya kwanza alisema watu wasichupe, na sasa mwanawe amekwenda kupokewa ngomeni na wakubwa wa makumbusho, majirani wakija kumpa hongera. Asimame mlangoni na leso yake kiunoni, vijembe mdomoni, dakika tatu kamili za taarab, ubeti mmoja wa kumsifu mwanawe na beti mbili za kumwambia atakavyomchapa akimwona tena ukutani. Wimbo huo peke yake ni michoro 2,160, na mwenye kuushikilia mfuko wa fedha atasema ukatwe, kwa kuwa hadithi imeshakwisha. Wasimsikilize.